Sarafu za kale za Uchina: Jina la mfalme si ushahidi wa aliyezileta

MNAMO Machi 2013, watafiti waliokuwa wakifukua magofu ya mji wa kale katika kisiwa cha Manda, Lamu, walitangaza kwamba walikuwa wamepata sarafu moja ya Uchina. Ilikuwa ndogo, ya mviringo, yenye tundu la mraba katikati, na usoni mwake palikuwa na herufi nne za Kichina. Mbili kati ya hizo zilikuwa jina la Yongle, lakabu ya mfalme wa nasaba ya Ming aliyekalia kiti cha enzi kuanzia 1402 hadi 1424. Miaka mitatu kabla ya hapo, sarafu nyingine yenye jina lilo hilo ilikuwa imefukuliwa Mambrui, kaskazini mwa Malindi, na kikosi cha pamoja cha Makavazi ya Kitaifa ya Kenya na Chuo Kikuu cha Peking.

Habari hizo zilizagaa duniani kwa kasi. Yongle ndiye mfalme aliyeanzisha safari kubwa za majini zilizoongozwa na amiri Zheng He, ambazo zilikuwa saba kwa jumla, baina ya 1405 na 1433. Kumbukumbu za Ming zinataja Mogadishu, Barawa na mahali paitwapo Malin, ambapo wanahistoria wengi hupahusisha na Malindi, na zinaeleza jinsi twiga aliyetoka huko alivyofikishwa mbele ya mfalme mwaka 1415. Kwa wengi, basi, sarafu ilionekana kukamilisha hesabu. Jina la Yongle limepatikana ardhini pwani ya Kenya, kwa hivyo merikebu za Zheng He zilitia nanga hapa. Kwa serikali ya Beijing, ambayo tangu mwaka 2005 huadhimisha Julai 11 kama siku ya bahari kwa heshima ya safari hizo, na kwa wanasiasa wa Nairobi walioupenda usemi wa urafiki wa miaka 600, hiyo ilikuwa hadithi tamu.

Hata hivyo, hesabu hiyo ina pengo, na pengo lenyewe linamhusu hata mwananchi wa kawaida aliyehifadhi sarafu ya aina hii kwenye droo au aliyeiokota ufuoni baada ya maji kupwa. Kusoma jina lililo juu ya sarafu ya kale ya Uchina si kazi ngumu kama watu wanavyodhani. Matatizo huanza pale jina linapokuwa limekwisha kusomeka.

Ni vyema kuanza na tundu. Wazee wanaokumbuka senti tano na senti kumi za Afrika Mashariki za enzi za ukoloni, zilizokuwa na tundu la duara, hawatashangaa kuona fedha iliyotobolewa katikati. Tofauti ni kwamba tundu la Wachina lilikuwa la mraba, na sababu yake ni ya kiwandani. Sarafu hizo hazikugongwa kwa nyundo wala kwa mashine kama zile za Wazungu, Waarabu au Wahindi. Zilisubuwa. Shaba iliyoyeyushwa ilimiminwa katika kalibu za mchanga, na sarafu zikatoka zikiwa zimeshikana kama matunda kwenye tawi. Baada ya kukatwa zilitungwa kwenye ufito wa pembe nne ili zisizunguke, kisha kingo zake zikasuguliwa kwa tupa zote kwa pamoja. Zilipofika sokoni zilitungwa tena, safari hii kwa kamba, mtungo mmoja ukihesabiwa kuwa sarafu elfu moja ingawa mara nyingi zilipungua. Alama za tupa ukingoni, na uso uliokwaruza kidogo kwa sababu ya mchanga wa kalibu, ni mambo ya kwanza ambayo mkusanyaji hutafuta kabla hata ya kutazama maandishi.

Maandishi nayo yana utaratibu. Kwenye sarafu nyingi zenye herufi nne, mbili kati yake ni jina la kipindi cha utawala, na mbili zilizosalia husomeka "tongbao" au "yuanbao", maneno yanayomaanisha hazina inayozunguka au hazina ya asili. Herufi ya "bao" ndiyo ufunguo. Ina umbo la nyumba yenye kipaa juu na vitu vingi vilivyosongamana chini yake, na kwa kawaida hukaa upande wa kushoto wa tundu. Mtu asiyejua hata neno moja la Kichina anaweza kuigeuza sarafu mkononi hadi herufi hiyo ikae kushoto, na papo hapo atakuwa ameiweka wima. Kisha atafute "tong". Ikiwa iko kulia, jina la mfalme husomwa juu kisha chini. Ikiwa iko chini, maandishi yote husomwa kwa kuzunguka kama mshale wa saa, kuanzia juu kwenda kulia. Yongle ni ya aina ya kwanza.

Mpangilio huu wa herufi nne uliimarishwa mwaka 621, nasaba ya Tang ilipotoa sarafu iliyoitwa Kaiyuan Tongbao, yenye upana wa takriban milimita 24 na uzani wa gramu nne hivi. Maandishi yake yaliandikwa na Ouyang Xun, mmoja wa waandishi wa hati mashuhuri wa zama zake. Mfano huo uliigwa kwa karibu miaka 1,300. Kabla yake sarafu nyingi zilikuwa na herufi mbili tu, na kwa kawaida hizo hazikutaja mfalme bali uzani. Ile iitwayo Wu Zhu, iliyoanza kutolewa mwaka 118 Kabla ya Kristo chini ya mfalme Wu wa nasaba ya Han, inamaanisha zhu tano, na herufi ya tano iliyo upande wa kulia wa tundu huonekana kama pembetatu mbili zilizogusana ncha. Ni rahisi mno kuitambua.

Sarafu iliyoitangulia Wu Zhu ndiyo inayopaswa kumtia mkusanyaji shaka mapema. Ban Liang, maana yake nusu ya liang, ilisambazwa nchi nzima na Qin Shi Huang baada ya kuiunganisha Uchina mwaka 221 Kabla ya Kristo. Nusu ya liang ilikuwa sawa na zhu 12. Lakini mwaka 175 Kabla ya Kristo, chini ya mfalme Wen wa Han, serikali ilikuwa ikitoa sarafu za zhu nne tu huku zikiendelea kuandikwa nusu ya liang. Kwa maneno mengine, zaidi ya miaka 2,000 iliyopita sarafu za Uchina zilikuwa tayari zinasema jambo moja na mizani inasema jingine.

Ni katika zama za Song ya Kaskazini, kati ya 960 na 1127, ambapo utajiri wa fani hii unajitokeza. Wafalme wa Song walibadilisha lakabu za utawala mara kwa mara, na karibu kila lakabu ikawa na sarafu yake. Baadhi zilitolewa kwa mitindo miwili au mitatu ya hati kwa wakati mmoja: hati ya mihuri yenye mistari ya kupindapinda, hati ya kawaida yenye pembe, na hati ya mwendo iliyoandikwa kana kwamba mwandishi alikuwa na haraka. Mkusanyaji anaweza kuweka mezani sarafu mbili za Yuanfeng, lakabu iliyotumika 1078 hadi 1085, zenye ukubwa na maneno yale yale, na asizione kuwa ndugu kwa sababu ya hati tu. Katika miaka hiyo ya Yuanfeng viwanda vya serikali vilikuwa vikitoa zaidi ya mitungo milioni tano kwa mwaka. Hizo ni mabilioni ya sarafu. Ndiyo maana sarafu ya Song yenye umri wa miaka 900 huweza kununuliwa leo kwa dola chache tu, jambo ambalo huwavunja moyo wengi wanaodhani kuwa umri peke yake ni mali. Zile za lakabu ya Jingkang, iliyodumu kwa kipindi kifupi tu kuanzia 1126 kabla ya mji mkuu kutekwa, ni adimu sana, na kwa sababu hiyo hiyo hughushiwa sana.

Song ya Kusini iliwaachia wakusanyaji zawadi nyingine. Kuanzia mwaka 1180, nyuma ya sarafu pakawekwa tarakimu ya mwaka wa utawala. Sarafu hizo zaweza kutajiwa mwaka zilipotoka, karne kadhaa kabla desturi hiyo haijawa ya kawaida Ulaya.

Kwa anayeanza, sarafu za nasaba ya Qing, ya mwisho katika historia ya Uchina, ndizo atakazokutana nazo zaidi. Majina ni machache na hayakubadilika katikati ya utawala: Shunzhi, Kangxi, Yongzheng, Qianlong, Jiaqing, Daoguang, Xianfeng, Tongzhi, Guangxu na Xuantong, kuanzia 1644 hadi kuanguka kwa ufalme katika mapinduzi ya 1911 na 1912. Ukiigeuza sarafu ya Qing utaona nyuma yake maandishi yaliyosimama wima yenye vijino kando, kama uti wa samaki. Hayo si ya Kichina. Ni ya Kimanchu, lugha ya watawala wenyewe, na kwa kawaida neno la kulia hutaja kiwanda kilichosubu sarafu hiyo. Viwanda viwili vya Beijing, kimoja cha wizara ya mapato na kingine cha wizara ya ujenzi, ndivyo vinavyojitokeza mara nyingi. Rangi pia husaidia. Tangu karne ya 16 shaba ilianza kuchanganywa na zinki, na sarafu nyingi za Qing kwa hivyo huwa za manjano, ilhali zile za Song, zilizochanganywa na bati na risasi, huelekea kuwa za kahawia au kijivu.

Xianfeng, aliyetawala 1850 hadi 1861, anahitaji kutajwa peke yake. Akiwa amebanwa na uasi wa Taiping na hazina tupu, serikali yake ilitoa sarafu kubwa zilizoandikwa thamani ya 10, 50, 100, hata 500 na 1,000, bila shaba iliyo ndani yake kulingana na madai hayo. Raia walizikataa. Leo ndizo zinazotafutwa zaidi na ndizo, bila shaka, zinazotengenezwa upya vichochoroni.

Hapa ndipo jina linapoanza kumpotosha msomaji wake. Maandishi ya Kichina hayakuwa mali ya Wachina peke yao. Japani, Korea na Vietnam zote zilisubu sarafu za mviringo zenye tundu la mraba na herufi nne za Kichina. Kanei Tsuho ya Japani, iliyotolewa kwa wingi kuanzia karne ya 17, huuzwa kila siku kama sarafu ya Kichina na watu wasio na nia mbaya. Sangpyong Tongbo ya Korea hali kadhalika. Za Vietnam, kama zile za Canh Hung za karne ya 18, mara nyingi huwa nyembamba na nyepesi, na hilo huweza kumzindua mwenye mizani ndogo.

Lakini mfano mzito zaidi unatoka Nagasaki. Kati ya 1659 na 1685, Wajapani walisubu katika bandari hiyo sarafu za kuuzwa ng'ambo, na nyingi kati yake ziliandikwa Yuanfeng Tongbao, jina la mfalme wa Song aliyekuwa amefariki karibu miaka 600 kabla. Hazikuwa bandia kwa maana ya kawaida. Zilikuwa bidhaa halali zilizokusudiwa masoko ya kusini mashariki mwa Asia, ambako watu walilizoea na kuliamini jina hilo. Msomaji wa herufi angeandika kwenye lebo yake: Uchina, karne ya 11. Angekuwa amekosea nchi na amekosea karne, ilhali kila herufi ameisoma sawasawa.

Yongle yenyewe haikuepuka hali hiyo. Sarafu zake zilipelekwa Japani kwa wingi na zikapendwa huko kuliko nyinginezo, zikaigwa na wasubuji wa Kijapani, na ziliendelea kutumika hadi utawala wa Tokugawa ulipozipiga marufuku mwaka 1608. Yaani karne mbili baada ya Zheng He, Yongle ilikuwa bado inabadilisha mikono sokoni.

Kuhusu sarafu ghushi za siku hizi, suala lenyewe limekaribia milango ya Wakenya kuliko ilivyokuwa zamani. Wafanyabiashara wa Nairobi na Mombasa huenda Guangzhou na Yiwu kununua nguo, simu na vifaa vya umeme, na sarafu za kale ni miongoni mwa vikumbusho vinavyouzwa kwa wageni Uchina, sawa na vinyago vinavyouzwa kwa watalii kwetu. Soko la Panjiayuan mjini Beijing linajulikana kwa bidhaa za aina hii. Kuna mafungu ya sarafu tano zilizofungwa kwa uzi mwekundu, za Shunzhi hadi Jiaqing, zinazosemekana kuleta baraka nyumbani na dukani. Nyingi zilitengenezwa juzi. Kuna pia zenye picha za wanyama, joka au nyota, ambazo hata zikiwa za kale kweli hazikuwahi kuwa fedha. Ni hirizi.

Njia za kuzipambanua zinajulikana. Rangi ya kijani iliyopakwa hubanduka kwa maji ya moto au kwa dawa ya kuondolea rangi ya kucha, ilhali kutu halisi imeingia ndani ya shaba na haitoki bila kuacha kovu. Herufi za ghushi huwa butu, kana kwamba zimeyeyuka, kwa sababu kalibu yake ilichukuliwa kutoka kwa sarafu nyingine na kila nakala hupoteza makali. Mkusanyaji akiona sarafu kumi zenye doa moja mahali pamoja ajue zote zimetoka kwenye kalibu moja. Sumaku husaidia, ingawa kwa tahadhari: Song walisubu sarafu za chuma huko Sichuan, kwa hivyo kunasa kwenye sumaku hakumaanishi kila mara kwamba umedanganywa. Ila kwa dola za fedha zenye sura ya Yuan Shikai, zilizogongwa kwa mashine kuanzia 1914, sumaku haina mjadala. Hizo zilipaswa kuwa na karibu asilimia 89 ya fedha na uzani wa gramu 26 na zaidi. Inayonasa ni chuma.

Yeyote anayetaka kwenda mbali zaidi ya hapo hana budi kuwa na kitabu, na kwa Kiingereza kile cha David Hartill kuhusu sarafu za Uchina zilizosubuwa, kilichotoka 2005, ndicho wengi huanza nacho. Kinampa mkusanyaji nambari ya kila aina. Kilicho nje ya uwezo wa kitabu chochote ni kusema sarafu fulani ilipita mikono gani kabla ya kufika ilikopatikana, na swali hilo ndilo linaloturudisha Manda.

Sarafu za Uchina zilikuwa zikiifikia pwani ya Afrika Mashariki kabla ya Zheng He kuzaliwa. Huko Kajengwa, kusini mwa Unguja, hazina ya zaidi ya sarafu 100 za Kichina ilifukuliwa katika miaka ya 1940, na sehemu kubwa yake ilikuwa ya Song. Nyingine zimepatikana Kilwa, Mogadishu na Gedi. Watawala wa Song walipiga marufuku mara kwa mara usafirishaji wa sarafu nje ya nchi, na kurudiwa kwa marufuku hizo kunaonyesha jinsi zilivyopuuzwa. Mwaka 1225 afisa wa forodha wa Quanzhou, Zhao Rugua, aliandika habari za nchi za ng'ambo alizosimuliwa na wafanyabiashara, na miongoni mwazo ni Zengba, ambayo huchukuliwa kuwa Zanzibar au pwani iliyo karibu nayo. Yeye mwenyewe hakuvuka bahari. Bidhaa na habari zilipitia mikono ya Waarabu, Waajemi, Wahindi na Waswahili wenyewe, kituo kimoja baada ya kingine.

Fauka ya hayo, sarafu ya shaba haifi na mfalme wake. Merikebu iliyozama karibu na Sinan, Korea, mnamo 1323 ikielekea Japani, na ambayo mabaki yake yaligunduliwa katika miaka ya 1970, ilikuwa na tani 28 za sarafu za Kichina. Nyingi zilikuwa za Song, nasaba iliyokuwa imeanguka tangu 1279, na baadhi zilikuwa na umri wa karne mbili na zaidi zilipopakiwa. Kwa hivyo hazina ya Kajengwa inaweza tu kutuambia kwamba haikufukiwa kabla ya sarafu yake ya mwisho kusubuwa. Ni kiwango cha chini. Kiwango cha juu haina.

Kuna kisa kingine ambacho kingefaa kukumbukwa kila mara sarafu ya Yongle inapotajwa. Mwaka 1944, mwanajeshi aliyekuwa katika visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia, aliokota mchangani sarafu kadhaa. Tano kati yake zilitambuliwa baadaye kuwa za Kilwa, zenye majina ya masultani wetu wa pwani. Wapo waliotaka kubuni nadharia za mabaharia wa Kiafrika kuigundua Australia, lakini wataalamu kwa jumla wamejizuia. Hakuna aliyejenga sanamu ya Sultani wa Kilwa huko. Wanakubali kwamba sarafu zile huenda zilipita India, zikapita visiwa vya viungo, zikapita mifuko ya Wareno au Waholanzi, kabla ya kuanguka mahali zilipoanguka. Haki hiyo hiyo ya kutilia shaka yapasa kupewa sarafu ya Manda. Kumtazama mfalme wa Ming kwa jicho moja na sultani wa Kilwa kwa jingine si sayansi.

Hii haimaanishi kwamba Zheng He hakufika, au kwamba sarafu zile mbili hazina thamani. Maandishi ya Ming yanayotaja pwani hii yapo, na yana uzito kuliko sarafu. Thamani ya sarafu za Mambrui na Manda inatokana na jambo lisiloonekana kwenye picha zilizosambazwa magazetini: zilitolewa ardhini na watu waliojua ni tabaka lipi la udongo wanalochimba na ni vigae gani vilivyokuwa kando yake. Chapurukha Kusimba wa jumba la makumbusho la Field, Chicago, na Sloan Williams wa Chuo Kikuu cha Illinois, walioongoza uchimbaji wa Manda, walieleza kwamba mji huo ulihamwa karibu mwaka 1430. Ikiwa tarehe hiyo ni sahihi, sarafu ilifika Manda ndani ya miaka isiyozidi 30 tangu Yongle aanze kutawala, na uwezekano wa kuwa imezunguka Asia kwa karne nzima kwanza unapungua sana. Tarehe ya kuhamwa, si jina la Yongle, ndiyo inayobeba mzigo wa hoja. Nayo hupatikana kwa kuchimba polepole.

Sarafu iliyookotwa ufuoni Pate, ikaoshwa kwa ndimu na majivu hadi ikang'aa, kisha ikauzwa kwa mgeni hotelini, haina mzigo wowote wa kubeba. Hata kama ni halisi, hakuna mwanaakiolojia atakayeweza kuitumia, kwa kuwa haiwezi tena kutofautishwa na ile iliyonunuliwa Guangzhou mwezi uliopita. Usafishaji wenyewe ni hasara ya pili. Huondoa kutu ambayo ndiyo ithibati ya ukale, na hushusha bei kwa yule yule aliyedhani anaipandisha.

Sheria ya Makavazi na Turathi za Kitaifa ya mwaka 2006 inamtaka anayegundua kitu cha kiakiolojia kutoa taarifa kwa makavazi katika muda wa siku saba, akionyesha mahali hasa alipokipata, na kukikabidhi. Wengi pwani hawaijui sheria hiyo, na wanaoijua huiogopa, kwa kuwa wanaiona kama njia ya kunyang'anywa bila shukrani. Mvuvi aliyeokota sarafu huuliza swali moja la haki: atapata nini? Jibu la serikali hadi leo halijamridhisha, ilhali mnunuzi wa mjini humpa noti mkononi. Nchi nyingine nazo zimejaribu kuzuia mtiririko huu kwa upande wa mnunuzi. Mwaka 2009 Marekani ilikubaliana na Uchina kuzuia uingizaji wa vitu vya kale vya Kichina, zikiwemo sarafu za hadi mwisho wa zama za Tang, bila kibali. Sarafu za Song na Ming, ambazo ndizo zinazopatikana kwetu, haziko katika orodha hiyo.

Kwa mkusanyaji wa kawaida ambaye hajachimba chochote na amenunua sarafu yake dukani kwa haki, kinachobaki ni karatasi. Akiisha kuigeuza sarafu hadi "bao" ikae kushoto, akaipima uzani na upana, akalitambua jina na kiwanda, aandike pia ameinunua kwa nani, mji gani na tarehe ipi, na muuzaji alisema aliipata wapi. Sarafu na karatasi hiyo vikae bahasha moja.